Faili linapokwama njiani: Mwongozo wa darasa la mtandaoni kwa walimu na wanafunzi wa Mbulu na Hanang

Na Mwandishi Wetu, Katesh

“SHIKAMOO mwalimu. Ile kazi niliituma tangu jana usiku.”

“Marahaba. Mbona kwangu haipo? Hapa naona jina lako tu, na nafasi tupu.”

Mazungumzo ya namna hii si mageni kwa yeyote anayefundisha au kujifunza kwa njia ya mtandao, na katika wilaya za Mbulu na Hanang mkoani Manyara yana uzito wa pekee. Mwanafunzi wa Dongobesh, Haydom, Endasak au Bassotu anaweza kuwa amekesha akiandika, akanunua bando kwa fedha ya mboga na kupanda kilimani kutafuta mawimbi ya simu, kisha akaandikiwa sifuri kwa kazi aliyoifanya kwa mikono yake mwenyewe.

Mwalimu humwona mwanafunzi kuwa mvivu, na mwanafunzi humwona mwalimu kuwa na chuki. Wote wawili, wakishachoka kulaumiana, huulaumu mtandao. Hata hivyo, faili linalodaiwa kupotea katika darasa la mtandaoni mara nyingi halijapotea. Limekwama mahali fulani, na mahali hapo panaweza kutambuliwa kwa dakika chache na mtu asiye mtaalamu wa kompyuta.

Makala haya yanaeleza vituo ambavyo faili hukwama, dalili za kila kimoja, na namna ya kulikwamua.

Darasa lililotoka ukutani

Machi 17, 2020, Serikali ilitangaza kufunga shule kutokana na ugonjwa wa corona. Vyuo na kidato cha sita vilifunguliwa Juni 1 mwaka huo, na shule nyingine Juni 29. Katika miezi ile walimu wengi nchini walijifunza kwa mara ya kwanza kutuma mazoezi kwa simu, na tangu hapo desturi hiyo haikukoma.

Leo Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ina maktaba mtandao yenye vitabu vya kiada, na ina mfumo wa kujifunzia mtandaoni kwa ajili ya mafunzo endelevu ya walimu kazini, maarufu kama MEWAKA. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, hufundisha wanafunzi waliotawanyika mikoani kwa kutumia mfumo wa Moodle. Shule na walimu binafsi hutumia Google Classroom, iliyoanza mwaka 2014, na wengi zaidi hutumia makundi ya WhatsApp.

Mifumo hii hutofautiana kwa sura, lakini safari ya faili ndani yake ni moja. Faili hutoka katika simu au kompyuta ya mtumaji, hupita njiani, huhifadhiwa katika kompyuta kuu iliyo mbali, kisha hufunguliwa na mpokeaji mwenye ruhusa. Kila tatizo lina kituo chake katika safari hiyo. Asiyejua kituo hicho atarudia kutuma faili lile lile mara kumi na kumaliza bando bila mafanikio.

Swali la kwanza: Nani halioni?

Kabla ya kugusa kitufe chochote, mwalimu aulize swali moja: je, faili linamkataa mwanafunzi mmoja, baadhi yao au darasa zima?

Likimkataa mmoja, kasoro imo katika simu yake, akaunti yake au mtandao wa mahali alipo. Likiwakataa wote, kasoro iko kwa aliyelituma, yaani ruhusa, aina ya faili au ukubwa wake. Likiwakubali wa Katesh mjini na kuwakataa wa vijiji vya mbali, hapo ndipo mtandao unapostahili kushukiwa kwanza.

Aidha, maneno yanayojitokeza kwenye kioo yasomwe hadi mwisho. Ujumbe unaosema huna ruhusa hauhusiani na mtandao, kwa sababu ili ujumbe huo ukufikie, mtandao umekwishafanya kazi yake. Ujumbe unaosema faili ni kubwa mno hautaondoka kwa kuhama kutoka bondeni kwenda kilimani.

Mlango uliofungwa: Ruhusa na akaunti

Tatizo linaloongoza kwa usumbufu ni la ruhusa. Mwalimu huhifadhi muhtasari wa somo katika Hifadhi ya Google, hunakili kiungo chake na kukibandika kwenye kundi la WhatsApp. Kwake kinafunguka, kwa kuwa faili ni lake. Kwa wanafunzi 45 kinagoma, na simu ya mwalimu inajaa maombi ya ruhusa.

Tiba ni kufungua sehemu ya kushirikisha faili hilo na kuchagua nani aruhusiwe kulisoma. Kisha mwalimu alijaribu mwenyewe kwa kulifungua katika kivinjari kisichokuwa na akaunti yake, au kwa kuazima simu ya mwenzake ofisini.

Anayetumia Google Classroom anapobandika faili kwenye zoezi hupewa njia tatu: wanafunzi walisome tu, wanafunzi wote walihariri faili moja kwa pamoja, au kila mwanafunzi apate nakala yake. Kosa la kuchagua njia ya pili badala ya ya tatu huleta fujo, maana mwanafunzi mmoja hufuta alichoandika mwenzake, na asubuhi hakuna anayejua jibu ni la nani. Njia ya nakala kwa kila mwanafunzi ichaguliwe kabla zoezi halijatangazwa. Likishatangazwa, chaguo hilo halipatikani tena, na mwalimu hulazimika kutengeneza zoezi jipya.

Sura nyingine ya tatizo hili ni akaunti. Katika familia nyingi za Mbulu na Hanang simu janja ni moja, nayo ni ya baba, mama au kaka mkubwa. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, hivyo mwanafunzi huisubiri ya mzazi jioni. Simu hiyo tayari ina akaunti ya mwenyewe. Mwanafunzi akibofya kiungo, mfumo humtambua kama mzazi, ambaye si mwanafunzi wa darasa lile, na mlango hufungwa. Aguse picha ndogo au herufi iliyo pembeni juu ya kioo, aangalie ni akaunti ya nani, kisha abadili.

Hali ni hiyo hiyo katika steshenari. Kijana huingia, hukuta kompyuta haijafungwa na mteja aliyetangulia, hupakia kazi yake na kuondoka akiamini ameituma. Kazi imehifadhiwa kweli, ila katika akaunti ya mtu asiyemjua. Kabla ya kupakia chochote kwenye kompyuta ya umma, hakiki jina lililoko juu ya ukurasa. Ukimaliza, ondoka kwenye akaunti yako, wala usikubali kompyuta ihifadhi nywila yako.

Zipo pia shule na vyuo vinavyowapa wanafunzi akaunti maalumu za taasisi. Msimamizi wa mfumo anaweza kuwa amezuia mafaili yasitoke nje ya akaunti hizo. Mwanafunzi anayetumia anwani yake binafsi atakataliwa hata kama mwalimu ameruhusu. Hapo atumie akaunti ya taasisi, au suala lifikishwe kwa msimamizi huyo.

Mzigo mzito kuliko barabara

Kituo cha pili ni ukubwa wa faili. Picha moja ya ukurasa wa daftari iliyopigwa kwa simu ya kisasa inaweza kufikia megabaiti 4. Zoezi la kurasa sita huwa megabaiti 24. Katika eneo ambalo simu inapata mtandao wa kizazi cha pili kwa kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde, mzigo huo huhitaji zaidi ya nusu saa ya kupakia bila kukatika. Ukikatika katika dakika ya 29, mara nyingi huanza upya.

Hesabu yake ni rahisi. Kasi ya mtandao hupimwa kwa biti, na faili hupimwa kwa baiti, ambapo baiti moja ni biti nane. Megabaiti 24 ni sawa na megabiti 192, na kwa kasi hiyo ni sekunde 1,920, yaani dakika 32.

Gharama huwaangukia wanafunzi pia. Mwalimu akiweka faili la megabaiti 40, na wanafunzi 45 wakalipakua, darasa zima limetumia megabaiti 1,800 za bando. Faili hilo likipunguzwa hadi megabaiti 2, darasa zima hutumia megabaiti 90 tu. Mwalimu anayepunguza faili kabla ya kulituma amewaokolea fedha wazazi 45.

Namna ya kupunguza si ngumu. Badala ya kupiga picha za kawaida, tumia programu ya simu ya kuskani nyaraka, ambayo hukata kingo, hugeuza ukurasa kuwa mweusi na mweupe na kuunganisha kurasa zote katika PDF moja. Kwa maandishi yaliyochapwa, toa picha zisizo za lazima. Sauti hutumia data kidogo kuliko video, na maandishi hutumia kidogo zaidi ya sauti.

Kwa watumiaji wa Moodle kuna jambo la ziada. Kikomo cha ukubwa huwekwa katika ngazi kadhaa: kompyuta kuu, mfumo wenyewe, somo na zoezi husika. Kikomo kidogo kuliko vyote ndicho kinachotawala. Mwalimu anaweza kuweka megabaiti 20 katika somo lake, lakini ikiwa kompyuta kuu imebaki na kiwango cha awali cha megabaiti 2, mwanafunzi hawezi kupita hapo. Marekebisho ya ngazi hiyo yako mikononi mwa msimamizi wa mfumo. Mwalimu ampelekee taarifa pamoja na picha ya ujumbe uliojitokeza.

Milima, mawimbi na mipangilio

Ni kweli kwamba mtandao nao una sehemu yake. Mbulu ni nchi ya miinuko na mabonde, na Hanang imetawaliwa na mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Mawimbi ya simu husafiri vizuri pale ambapo mnara na simu havitenganishwi na kilima. Nyumba mbili zilizo katika kijiji kimoja, moja mgongoni mwa kilima na nyingine bondeni, zinaweza kupata huduma tofauti kabisa.

Wakati mwingine tatizo huanzia mbali zaidi. Mei 12, 2024, hitilafu katika nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom ilizorotesha intaneti Tanzania na katika nchi nyingine za Afrika Mashariki. Siku kama hiyo mwanafunzi hana la kufanya isipokuwa kusubiri. Mwalimu mwenye busara husogeza mbele tarehe ya mwisho ya kuwasilisha kazi.

Lakini kabla ya kuulaumu mlima au bahari, zikaguliwe kasoro tatu ndogo za simu ambazo huonekana kama kasoro za mtandao.

Ya kwanza ni mpangilio wa Hifadhi ya Google unaoruhusu mafaili kusafiri kwa Wi-Fi pekee. Ukiwa umewashwa, faili husubiri Wi-Fi ambayo nyumbani kwa wengi Mbulu na Hanang haipo, na litasubiri hadi kesho. Ingia kwenye mipangilio ya programu hiyo uuzime.

Ya pili ni uwekaji akiba wa data au wa betri. Mipangilio hiyo husimamisha kazi zinazoendelea chini kwa chini pindi kioo kinapozimwa. Mwanafunzi hubofya kitufe cha kupakia, hutia simu mfukoni na kwenda kuchunga, naye akirudi hukuta faili liko pale pale. Kioo kiachwe kikiwaka hadi upakiaji ukamilike.

Ya tatu ni saa na tarehe. Simu iliyozimika kwa muda mrefu inaweza kuwaka ikiwa na tarehe ya miaka iliyopita. Tovuti salama huhakikiwa kwa vyeti vyenye muda maalumu, hivyo tarehe isiyo sahihi huifanya simu ikatae kuzifungua. Washa mpangilio wa saa kujirekebisha kutokana na mtandao.

Kupakia si kuwasilisha

Hapa ndipo wengi hupoteza alama. Kubandika faili kwenye zoezi ni hatua moja, na kuliwasilisha ni hatua nyingine. Katika Google Classroom, faili lililobandikwa bila kubofya kitufe cha kuwasilisha huiacha kazi ikihesabiwa kuwa haijakabidhiwa. Katika Moodle, zoezi linaweza kuwekwa ili libaki kama rasimu hadi mwanafunzi athibitishe kuwa amemaliza.

Kwa hiyo mwanafunzi asiridhike kwa kuona jina la faili lake kwenye ukurasa. Aangalie neno la hali ya kazi, kisha apige picha ya kioo inayoonyesha hali hiyo, tarehe na saa. Picha hiyo ni sawa na stakabadhi ya dukani, nayo humaliza ubishi siku mwalimu anaposema hajaona kitu.

Jambo jingine la kujua ni kwamba katika Google Classroom, kazi ikishawasilishwa mwanafunzi hawezi kuihariri hadi airudishe kwake au mwalimu amrudishie. Anayeirudisha ili kusahihisha kosa dogo akumbuke kuiwasilisha tena. Akifanya hivyo baada ya muda wa mwisho, mfumo utaihesabu kuwa imechelewa hata kama ya awali iliwahi.

Walimu wa Moodle nao watofautishe tarehe mbili. Ipo tarehe ambayo kazi inatakiwa kufika, na baada yake kazi hupokelewa ikiwa na alama ya kuchelewa. Ipo pia tarehe ya kufunga kabisa, na baada ya hiyo mlango haufunguki. Kwa wanafunzi wanaosubiri simu ya mzazi arudi gulioni, ni vema tarehe hizo mbili zikaachana kwa siku kadhaa.

Faili lisilofunguka

Faili linaweza kufika salama na bado lisisomeke. Picha kutoka iPhone huwa katika muundo wa HEIC ambao kompyuta nyingi za zamani haziutambui. Waraka wa Word hufunguka kwenye simu ukiwa umevurugika majedwali na alama za hesabu. Ndiyo maana inashauriwa kazi iliyokamilika igeuzwe kuwa PDF kabla ya kutumwa, ili ionekane vile vile kila mahali.

Flashi zinazozunguka kati ya shule na steshenari zina hatari yake. Vipo virusi vinavyoficha mafaili halisi na kuweka njia za mkato zenye majina yale yale. Mwanafunzi hupakia njia ya mkato yenye ukubwa wa kilobaiti moja au mbili akidhani ni insha yake. Ukiona faili la insha ndefu lina ukubwa mdogo kiasi hicho, usilitume.

Majina ya mafaili nayo yapewe uzito. Mwalimu anayepokea mafaili 45 yote yakiitwa “skani 1” atachanganyikiwa. Jina la mwanafunzi, kidato, somo na namba ya zoezi vinatosha.

Hifadhi, nakala na siri

Akaunti ya bure ya Google ina nafasi ya gigabaiti 15, ambayo inagawanywa kati ya barua pepe, picha na mafaili. Ikijaa, upakiaji hukoma, na barua pepe nazo huacha kuingia. Mwalimu ambaye simu yake hupeleka picha zote za familia kwenye hifadhi hiyo anaweza kukuta darasa limesimama kwa sababu ya picha za harusi. Aidha, mwalimu akifuta faili katika hifadhi yake, wanafunzi nao hulikosa darasani. Faili lililofutwa hukaa kwenye takataka kwa siku 30 kabla ya kutoweka kabisa.

Wakazi wa Hanang hawahitaji kukumbushwa kwamba mali inaweza kusombwa kwa saa chache. Desemba 3, 2023, maporomoko ya tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliikumba Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80 na kubomoa nyumba. Mbele ya msiba wa namna ile, daftari si jambo la kwanza kufikiriwa. Lakini maisha yanaporejea, aliyekuwa na nakala ya vyeti vyake na kazi zake mahali pengine ana pa kuanzia. Kila kazi muhimu iwe na nakala mbili, moja ya karibu na nyingine mtandaoni.

Pamoja na hayo, nakala isiwe wazi kwa kila mtu. Mwalimu anayechoshwa na maombi ya ruhusa hushawishika kuruhusu kila mwenye kiungo asome. Kwa muhtasari wa somo hilo halina madhara. Kwa orodha ya matokeo, namba za simu za wazazi au taarifa za afya za wanafunzi, ni hatari. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazilinde.

Mambo ya kukagua kwa mpangilio

Tatizo linapotokea, fuata hatua hizi kwa zamu:

1. Uliza kama linamgusa mmoja, baadhi au wote.

2. Soma ujumbe wa kosa hadi mwisho na uupige picha.

3. Hakiki ni akaunti ya nani iliyo wazi.

4. Hakiki ruhusa ya faili kwa kulifungua kwenye simu nyingine.

5. Angalia ukubwa na aina ya faili, ulipunguze na kuligeuza PDF.

6. Kagua mpangilio wa Wi-Fi pekee, uwekaji akiba wa data, na saa ya simu.

7. Angalia kama hifadhi imejaa.

8. Thibitisha kuwa kazi imewasilishwa, si kupakiwa tu.

9. Yote yakishindikana, mjulishe mwalimu kwa ujumbe mfupi wa simu kabla ya muda wa mwisho, na utume faili kwa njia nyingine.

Kuhusu njia hiyo nyingine, WhatsApp inafaa, mradi ukurasa wa daftari utumwe kama waraka badala ya picha. Ukitumwa kama picha ya kawaida hubanwa, na mwandiko mdogo hupoteza usomekaji. Kwa walio mbali na mawimbi, programu ya Moodle na Hifadhi ya Google huruhusu kupakua masomo mahali penye mtandao na kuyasoma nyumbani bila bando. Na pale ambapo hata hilo haliwezekani, karatasi bado ni karatasi. Mwalimu asione aibu kuipokea.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Dakika 10 za kujaribu zoezi kwenye simu ya mwenzako kabla ya kulitangaza zinaweza kuliokoa darasa zima. Naye mwalimu, kabla ya kuandika sifuri mbele ya jina la mtoto wa Tlawi au Mulbadaw, ajiulize kwanza: faili hili limekwama kituo gani?